Kutoka Nairobi Hadi Makorongo Matatu: Mwongozo wa Safari ya Familia kwa Meli Kwenye Mto Yangtze

Mzazi wa Nairobi akiiwazia safari ya meli katika Mto Yangtze nchini China, swali la kwanza huwa ni nauli. Mimi namshauri aanze na asubuhi moja tu. Meli inayotoka Chongqing kuelekea Yichang hukaa mtoni siku nne na kulala usiku tatu, lakini makorongo yenyewe, hasa Qutang na Wu, hupitwa kwa saa chache, kwa kawaida siku ya tatu. Korongo la Qutang lina urefu wa kilomita 8 peke yake. Meli ikiteremka na mkondo, nusu saa inatosha kulimaliza. Familia inayoamka imechelewa siku hiyo imevuka bahari na kukosa kile hasa kilichoitoa nyumbani.

Kwa hiyo panga kila kitu kwa kurudi nyuma kutoka asubuhi hiyo: mwezi wa kusafiri, siku ya kutua, upande wa kuelekea, chumba cha meli, hata saa ya kuwalaza watoto. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa nia hiyo.

Hatua ya 1: Ijue njia kabla ya kumpigia wakala

Yangtze, ambao Wachina huuita Changjiang, ni mto mrefu kuliko yote barani Asia, takriban kilomita 6,300. Duniani unatanguliwa na Nile na Amazon. Makorongo Matatu yako katikati ya safari yake, kati ya jiji la Chongqing na mkoa wa Hubei. Ukiteremka na mto unakutana kwanza na Qutang, fupi na jembamba kuliko mengine. Kisha Wu, lenye urefu wa kilomita 45 hivi na vilele kumi na viwili maarufu. Mwisho Xiling, refu kuliko yote, ambalo ndani yake kumejengwa bwawa kubwa la umeme. Kama familia yako imewahi kutembea kwenye korongo la Hell's Gate kule Naivasha, waambie watoto wawaze kuta kama zile zikipanda mamia ya mita hadi kwenye mawingu, na pale chini, badala ya mchanga, mto wa kubeba meli ya ghorofa sita.

Kuna pande mbili za kusafiri. Kuteremka kutoka Chongqing huchukua siku nne na usiku tatu. Kupanda kutoka upande wa Yichang huchukua siku tano na usiku nne, kwa sababu meli inashindana na maji. Kwa familia yenye watoto wadogo ningechagua kuteremka bila kusita. Ukianzia Yichang, makorongo hukujia mapema, mwili ukiwa bado uko Nairobi, halafu siku zinazobaki ni za mandhari ya kawaida. Ukianzia Chongqing, mto unajengeka polepole: kwanza miji na vilima vya mashamba, kisha milima inakaribiana, kisha makorongo, na mwisho bwawa.

Hatua ya 2: Chagua mwezi kwa kuangalia kalenda mbili

Kalenda ya kwanza ni ya shule zetu. Likizo ni tatu: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Kalenda ya pili ni ya China, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa. Nchi nzima iko safarini, tiketi zinapanda bei na kila gati limefurika. Mapumziko yanayoanza tarehe 1 Mei ni hivyo hivyo, na Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, unazidi yote.

Agosti ni likizo rahisi kwa mzazi lakini ni mwezi mgumu mtoni. Chongqing inajulikana China kote kwa joto kali, na majira ya kiangazi kipimajoto huweza kuvuka nyuzi 40. Isitoshe, hayo ni majira ya mafuriko: maji ya bwawa huteremshwa kutoka kimo cha mita 175 hadi karibu na mita 145 ili kuacha nafasi ya mafuriko, na mto huwa wa rangi ya udongo. Mtoto wa miaka minne hatakaa sitahani saa mbili katika jua la namna hiyo.

Aprili ni mwezi mzuri, wenye maua na hewa ya wastani, ingawa mvua nyepesi haikosekani. Ila ukiniuliza mimi, chaguo langu ni likizo ya mwisho wa mwaka, wiki za mwisho za Novemba au mwanzo wa Desemba. Wakati huo majani ya miti kwenye miteremko ya Korongo la Wu hugeuka mekundu, maji yako karibu na kimo chake cha juu, na umati umepungua. Baridi ipo, kwa hiyo beba sweta, koti na soksi nzito kuliko zile za Julai ya Nairobi, na uwe tayari kwa ukungu wa asubuhi.

Hatua ya 3: Karatasi, na hasa karatasi za watoto

Anza miezi minne kabla, hasa kama kuna mtoto asiye na pasipoti. Ombi la pasipoti huanzia eCitizen, na mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi. Hapa ndipo mambo hukwama: cheti chenye jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho cha mzazi kinaweza kukurudisha nyuma wiki kadhaa. Toa vyeti vyote kabatini leo, vitandaze mezani na ulinganishe majina herufi kwa herufi.

Mkenya anahitaji viza kuingia China, na ya utalii ni ya aina ya L. Fomu hujazwa mtandaoni, kila mtu na yake, hata mtoto mchanga. Andaa pasipoti yenye zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha na kurasa tupu, picha, tiketi za kwenda na kurudi, uthibitisho wa hoteli na wa meli, taarifa za benki, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtandaoni utasoma kuhusu kukaa China saa 240 bila viza kwa wasafiri wanaopita. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo usinunue tiketi kwa kuitegemea. Jambo jingine: ukitoka China bara ukaingia Hong Kong, viza ya kuingia mara moja imeisha kazi. Mkitaka kupitia huko katikati ya safari, ombeni ya kuingia mara mbili.

Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya idhini kutoka kwa mwenzake, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mwenzake huyo. Shosho au shangazi akiwachukua wajukuu, barua hiyo itiwe saini na wazazi wote wawili.

Kisha chanjo. Msafiri anayetoka Kenya anatakiwa kuwa na kadi ya njano ya homa ya manjano, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hivyo aliyechanjwa zamani atafute kadi yake tu. Watoto walio chini ya miezi tisa hawachanjwi. Kama una mchanga wa umri huo, zungumza na daktari wake kabla ya kulipia chochote. Na bima ya safari ichukuliwe kwa familia nzima, yenye kugharamia matibabu na kusafirishwa kwa dharura. Isome mwenyewe uone kama safari ya meli imetajwa.

Hatua ya 4: Ndege, na siku mbili za kuurekebisha usingizi

Kenya Airways na China Southern hufika Guangzhou kutoka JKIA, na China Southern hufika pia Changsha. Kutoka Guangzhou unaweza kuruka hadi Chongqing kwa saa mbili na kidogo. Njia nyingine ni kupitia Addis Ababa hadi Chengdu, halafu treni ya mwendo kasi hadi Chongqing, safari ya saa moja na nusu hivi. Wenye kupitia Doha au Dubai nao wana njia zao. Linganisha bei, lakini linganisha pia idadi ya mara mtakazobadilisha ndege usiku na watoto mgongoni.

China iko mbele yetu kwa saa tano, na nchi nzima inatumia saa moja hiyo hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi ya Chongqing, Nairobi ni saa saba za usiku. Mtoto aliyetua jana ukimwamsha saa hiyo, mwili wake unajua ni usiku wa manane. Ndiyo maana nasisitiza: tueni siku mbili kamili kabla ya kupanda meli. Mchana wa siku hizo kaeni nje kwenye mwanga, msiwaache watoto walale zaidi ya saa moja, na jioni wale mapema. Ukijumlisha usiku wa melini, kufikia siku ya tatu ya safari wataamka wenyewe.

Siku hizo mbili si za kupoteza. Kwenye kituo cha Liziba, treni ya mjini hupita katikati ya jengo la makazi, na watoto watataka kuiona ikirudi tena na tena. Chongqing ina pia bustani ya wanyama yenye panda. Jioni nendeni Chaotianmen, pale Mto Jialing unapoingia Yangtze na maji ya rangi mbili kukutana.

Mkilala hotelini, hoteli itawaandikisha polisi. Mkilala kwa ndugu anayefanya biashara au kusoma huko, ni lazima mjiandikishe wenyewe katika kituo cha polisi ndani ya saa 24. Wengi hulisahau hili, na lina faini.

Hatua ya 5: Meli na chumba

Hapa ndipo pesa nyingi hutumika, na ndipo mzazi anapaswa kuuliza bila aibu. Swali la kwanza kwa wakala, kabla hata ya bei, ni hili: meli inapita Qutang na Wu saa ngapi, na je, ni mchana? Ratiba hubadilika kulingana na meli na msimu. Wakala asiyeweza kukujibu, tafuta mwingine. Korongo la Xiling mara nyingi hupitwa jioni au usiku, na hilo halina ubaya sana ukijua mapema.

Swali la pili ni la sitaha. Baadhi ya meli hutenga sitaha ya juu au ya mbele kwa wageni wenye vyumba vya bei kubwa, au hutoza ada ya kuingia. Uliza ni wapi abiria wa kawaida husimama wakati wa kupita makorongo. Chumba chenye roshani kinasaidia kwa sababu baba anaweza kutazama huku mdogo amelala ndani, lakini roshani huonyesha ukuta mmoja tu wa korongo. Uzuri wa Qutang ni kuwa na kuta pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hilo huonekana sitahani tu.

Vyumba vingi ni vya watu wawili. Familia ya watano itahitaji viwili, kwa hiyo omba viwe jirani au vyenye mlango wa ndani, na umwombe wakala aandike hilo kwenye risiti. Epuka ghorofa ya chini upande wa nyuma, karibu na injini. Kelele na mtetemo humwamsha mtoto. Kama una mtoto anayepanda kila kitu, weka viti vya roshani ndani ya chumba siku ya kwanza, na mlango wa roshani ufungwe kila mtu mzima anapotoka.

Uliza pia ni matembezi gani yamo kwenye bei na yapi hulipiwa melini. Kwa kawaida siku ya pili meli husimama Fengdu au Shibaozhai. Fengdu ni mahekalu ya mizimu, yenye sanamu za mateso ya kuzimu. Kwa watoto wadogo, na kwa familia ambayo imani yake haipendi mambo hayo, si pa kuanzia. Shibaozhai ni hekalu jekundu la mbao lenye ghorofa 12, limeegemea mwamba ulio wima. Maji ya bwawa yalipopanda lilijengewa ukuta wa kulizunguka, na sasa linasimama kama kisiwa. Nikichagua, nitaenda Shibaozhai. Ngazi zake ni nyembamba na zenye mwinuko, hivyo mwenye magoti mabovu abaki chini. Kulitazama kutoka gatini nako kunaridhisha.

Hatua ya 6: Pesa, simu na chaja

China watu hulipa kwa simu kama sisi tunavyolipa kwa M-Pesa, ila mfumo ni wao: Alipay na WeChat. Zote mbili hupokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Zipakue, ujiandikishe kwa pasipoti na uunganishe kadi ukiwa Nairobi, ambako ujumbe wa uthibitisho wa benki unakufikia bila shida. Kwa kadi ya nje, malipo ya chini ya yuan 200 hayatozwi ada ya ziada; yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay ni akiba nzuri, lakini usiifanye ndiyo pekee. Beba kadi za benki mbili tofauti, pamoja na noti za yuan za kutosha siku mbili. Na hakikisha una noti ya yuan 10 kwa kila mtoto. Kazi yake utaiona katika hatua ya 9.

WhatsApp, Google, YouTube na Facebook zimefungwa kwenye intaneti ya China. Laini yako ya Kenya ikiwashiwa huduma ya kutumika ng'ambo hupitisha data kupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp huendelea kufanya kazi, ila bando lake linunuliwe kabla ya kuondoka. Waandikishe watu wa nyumbani WeChat mapema pia. Ukipiga simu saa kumi na mbili jioni ya huko, Nairobi ni saa saba mchana, wakati mzuri wa kuongea na shosho. Pakua kamusi ya Kichina inayofanya kazi bila intaneti, na uhifadhi picha ya jina la gati na la hoteli kwa herufi za Kichina ili umwonyeshe dereva wa teksi.

Soketi za China hazipokei plagi zetu za miguu mitatu minene. Nunua adapta mbili madukani River Road au Luthuli Avenue kabla ya safari. Umeme wao ni volti 220, hivyo chaja za simu hazina tatizo. Pawabenki inahitaji uangalifu zaidi: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani za China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya usalama wa bidhaa. Nyingi zinazouzwa hapa kwetu hazina. Ukiruka kutoka Guangzhou hadi Chongqing nayo, itachukuliwa kwenye ukaguzi. Nunua yenye alama hiyo mkishafika.

Hatua ya 7: Chakula

Chongqing ni nchi ya pilipili, na pilipili yao ina mwenzake, huajiao, punje inayotia midomo ganzi. Mtoto asiyejua atalia. Melini chakula huwekwa mezani kila mtu ajipakulie, na wali mweupe, mayai, mboga za kukaanga, tambi na mikate ya mvuke havikosekani. Jifunze kusema "bu la", yaani bila pilipili, na uwafundishe watoto.

Nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata ndani ya vyakula vinavyoonekana ni mboga. Familia ya Kiislamu imwambie wakala mapema na isisitize tena siku ya kupanda meli. Neno la kutafuta ni "qingzhen", halali. Mjini, maduka ya tambi za Lanzhou, mara nyingi yenye kibao cha kijani na maandishi ya Kiarabu, huendeshwa na Waislamu, na bei zake ni nafuu.

Usibebe nyama, matunda wala maziwa kutoka nyumbani. Forodha ya China haiviruhusu. Maji ya bomba hayanyweki, lakini maji ya moto yako kila kona, kwenye vituo vya treni na vyumbani, kwa hiyo thamosi ya familia itafanya kazi kubwa. Beba na tishu, kwa sababu vyoo vya nje ya meli mara nyingi ni vya kuchuchumaa na havina karatasi.

Hatua ya 8: Kupanda meli

Chongqing imejengwa vilimani, na kushuka hadi gatini kunaweza kuwa na ngazi nyingi au mteremko mkali. Achana na kigari cha mtoto. Mdogo abebwe mgongoni kwa leso kama tulivyolelewa, na mizigo iwe ya kuvaa mabegani. Fikeni mapema, kukiwa bado na mwanga.

Mkishaingia chumbani, kabla ya kufungua begi, tafuteni jaketi za kuokolea maisha. Hesabuni moja kwa kila mtu, na muulize mhudumu za saizi ya watoto ziko wapi. Mvalishe kila mtoto yake mara moja ili ajue inavyofungwa, kisha tembeeni pamoja hadi mahali pa kukusanyikia. Nalisema hili kwa uzito. Usiku wa tarehe 1 Juni 2015, meli ya abiria iitwayo Dongfang zhi Xing ilipinduliwa na dhoruba katika mto huu, sehemu ya Jianli, chini zaidi ya makorongo. Watu 442 walikufa na 12 tu wakaokoka. Siku hizi meli husimamishwa hali ya hewa ikichafuka, na nahodha akitangaza kuchelewa kwa sababu ya upepo au ukungu, mshukuru. Watoto wasikimbie sitahani, na asiwepo hata mmoja kwenye ukingo bila mkono wa mtu mzima.

Hatua ya 9: Asubuhi ya makorongo

Usiku wa kuamkia siku ya tatu, ulizeni mapokezi saa kamili ya kuingia Qutang. Huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi. Watoto walale saa mbili usiku. Nguo za baridi ziwekwe juu ya kiti, viatu mlangoni, simu na kamera zikiwa zimejaa chaji. Mtu mzima mmoja awahi sitahani nusu saa mapema kushika nafasi upande wa mbele, na wa pili aje na watoto wakiwa wameshakula angalau ndizi na mkate. Kifungua kinywa chenyewe kitasubiri.

Mlango wa Qutang huitwa Kuimen. Milima miwili inasimama ana kwa ana, na mto unapenya katikati. Hapo toa zile noti za yuan 10. Nyuma ya noti pamechorwa mahali hapo hapo. Mwache kila mtoto ainue noti yake mbele ya macho, ailinganishe na mlima, na atafute mwenyewe ni wapi mchoraji alisimama. Sijui njia bora zaidi ya kumfanya mtoto wa miaka saba atazame mwamba kwa dakika kumi bila kuomba simu.

Baada ya Qutang meli hupita Wushan na kuingia Wu. Hili ni refu, kwa hiyo watoto wanaweza kushuka kula zamu kwa zamu. Tafuteni Kilele cha Mungu wa Kike, jiwe jembamba lililosimama juu ya mlima kama mwanamke anayetazama mto. Ukungu ukilifunika, msikate tamaa. Hufunguka na kufunga ndani ya dakika chache.

Waambie watoto pia kilicho chini ya meli. Kabla ya bwawa, maji haya yalikuwa ya kasi na yenye miamba, na mashua zilivutwa na wanaume kwa kamba, wakitembea ukingoni. Maji yalianza kupandishwa mwaka 2003 na kufika mita 175 mwaka 2010. Miji mizima ilizama, na zaidi ya watu milioni 1.2 walihamishwa. Majengo mapya mnayoyaona juu ya vilima ni makao yao. Mtoto mkubwa anayesoma jiografia atakuwa na maswali ya haki: nani alilipwa, nani alipoteza shamba la babu yake. Msimkatize. Sisi wenyewe tuna mabwawa ya Mto Tana na familia zilizohama kuyapisha.

Siku hiyo hiyo abiria huhamia mashua ndogo kuingia kwenye kijito cha pembeni. Kutegemea meli, kinaweza kuwa Shennong, Kijito cha Mungu wa Kike, au Makorongo Matatu Madogo ya Mto Daning. Kama kuna matembezi moja ya kutolipuuza, ni hili. Kuta ziko karibu zaidi, maji yametulia na yana rangi ya kijani. Katika baadhi ya vijito hivi majeneza ya kale ya watu wa Ba yamening'inizwa juu kwenye nyufa za miamba, ambako hakuna njia ya kufika, mwongozaji atawaonyesha. Huko Shennong, watu wa kabila la Tujia huonyesha jinsi babu zao walivyovuta mashua.

Hatua ya 10: Bwawa, kushuka na kurudi

Meli nyingi siku hizi humaliza safari kwenye gati la Maoping, juu kidogo ya bwawa, na abiria hutembezwa kuliona. Ujenzi ulianza mwaka 1994. Ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilomita 2, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 22,500, mara kadhaa ya mitambo yote ya umeme ya Kenya ikijumlishwa. Meli za mizigo hushuka kwa ngazi tano za milango ya maji, kazi ya saa tatu au nne. Karibu nayo kuna lifti ya meli iliyofunguliwa 2016, inayobeba chombo pamoja na maji yake na kukishusha hadi mita 113. Kupanda lifti hiyo kwa kawaida hulipiwa kando. Mwenye watoto wanaopenda mitambo alipe. Wengine watazame kutoka juu.

Kutoka Maoping kuna basi hadi Yichang, mwendo wa saa moja hivi. Kituo cha treni ni Yichang Mashariki. Kutoka hapo hadi Wuhan ni saa mbili, kisha saa moja na nusu kufika Changsha au saa nne hivi kufika Guangzhou, ambako mtapanda ndege ya nyumbani. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla, na hununuliwa kwa namba ya pasipoti. Pasipoti yenyewe ndiyo tiketi, na wageni hupita kwenye mlango wenye mhudumu. Watoto wa miaka 6 hadi 14 hulipa nusu. Walio chini ya miaka 6 hawalipi, mmoja kwa kila mtu mzima, bila kiti chao, lakini lazima watajwe wakati wa kununua.

Ukungu wa Novemba unaweza kuizuia meli kwa saa kadhaa. Kwa hiyo tiketi ya treni iwe ya alasiri, angalau saa nne baada ya muda uliopangwa wa kushuka, na ndege ya kurudi JKIA iwe ya kesho yake au siku inayofuata. Laleni Wuhan au Changsha usiku mmoja, mfue nguo za watoto, na zile kadi za njano pamoja na pasipoti ziwe kwenye begi la mkononi la mama.